Sura ya Sita: Wakifika Juu

Kutoka Gikondo kwenda Rebero hakuna njia inayokwepa mlima. Lami hupinda, hunyooka kidogo kana kwamba imekuonea huruma, kisha huinuka tena, na mkimbiaji aliyetoka bondeni akipiga soga hujikuta amenyamaza bila kuambiwa. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyelelewa na hewa nzito ya Mombasa au Dar es Salaam hupanda kilima hiki akidhani ameibiwa pafu moja usiku. Waendesha baiskeli wa Tour du Rwanda wanakijua pia. Siku ya mwisho ya mashindano hayo imewahi kumalizikia huku juu, karibu na ukumbi wa Canal Olympia, na hata vijana wanaolipwa mshahara kwa kukanyaga pedali hufika hapo midomo wazi.

Aliyefika analipwa. Magharibi, ng'ambo ya bonde, iko Nyamirambo na nyuma yake Mlima Kigali, kaskazini majengo marefu ya katikati ya mji, mashariki Kicukiro, kusini ardhi huteremka kuelekea mto Nyabarongo na Bugesera. Watu husimama mikono kiunoni, wanahema, wanapiga picha. Halafu?

Hilo "halafu" ndilo linalonishughulisha katika sura hii. Makundi yanayokimbia asubuhi yanafanana popote duniani: viatu, jasho, utani kwa anayebaki nyuma. Tofauti huonekana yanaposimama. Wengine hugeuka wakarudi kuoga. Wengine huokota makoleo. Na katika ukanda wetu huu wako waliowahi kusimama wakafanya mambo ambayo Rebero haijayasahau.

Msomaji aliyepitia shule ya msingi Tanzania hahitaji kufundishwa kukimbia kwa kundi. Alifanya mchakamchaka kabla hajajua kuandika insha. Kiranja mbele, mistari miwili, vumbi, wimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanadaka. Mbio zikiisha, fagio: darasa, uwanja, vyoo, maua yamwagiliwe, ndipo kengele igongwe. Hakuna aliyelipa jambo hilo jina refu la mazoezi yanayochanganywa na huduma kwa jamii. Ilikuwa asubuhi tu. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, lilichukua mpangilio huohuo na kuwapa vijana wakubwa: alfajiri miguu, mchana jembe. Kwa hiyo mtu akituletea leo, kama uvumbuzi mpya kutoka ng'ambo, wazo la kukimbia kisha kufanya kazi ya watu, tuna haki ya kucheka kidogo kabla ya kumsikiliza.

Mchakamchaka una akili kuliko tulivyodhani tukiwa watoto wenye usingizi. Wimbo wa kupokezana hugawa pumzi: kiongozi anaimba wengine wakivuta hewa, kisha wanaitoa kwa pamoja wakiitikia. Sauti za kuitikia zikififia, kasi imewazidi watu. Kiongozi mwenye masikio hahitaji saa ya mkononi kujua kwamba apunguze. Mtoto mzito wa mstari wa nyuma, ambaye angekuwa peke yake angeshakaa chini ya mwembe, hubebwa na mdundo hadi mwisho.

Mwanahistoria William McNeill alilijua hilo kwa miguu yake. Mwaka 1941, akiwa askari mpya katika jeshi la Marekani, alichezeshwa gwaride kwa saa nyingi juani, na badala ya kuchoshwa akashangaa kuona anafurahi, kana kwamba mwili wake umekuwa mkubwa zaidi. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 1995, alichapisha kitabu kizima juu ya furaha hiyo, Keeping Together in Time, chenye ngoma za vijijini na magwaride ya majeshi katika kurasa zilezile. Watafiti wa Oxford walipima jambo la karibu na hilo kwa wapiga makasia 12 wa chuo hicho. Walipofanya mazoezi pamoja kwa mwendo mmoja walivumilia maumivu zaidi kuliko walipofanya mazoezi yaleyale kila mtu peke yake, ingawa nguvu waliyotoa ilikuwa ileile. Mwili wa kundi hauumii kama mwili wa mtu. Ndiyo raha yake, na ndiyo hatari yake, kwa sababu mwili usioumia unaweza kuongozwa mbali sana.

Safari ya saa chache kusini mwa Rebero kuna Bujumbura, mji ambao Jumamosi asubuhi ulikuwa ukikimbia karibu wote. Vilabu vya jogging vilipanda kutoka ziwani kuelekea milimani, kila klabu na nyimbo zake. Tarehe 8 Machi 2014 polisi walipambana na wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD waliokuwa wametoka kukimbia. Watu 21 wakahukumiwa kifungo cha maisha, na serikali ikazuia kukimbia kwa makundi mjini isipokuwa kwenye viwanja ilivyoviteua yenyewe. Magazeti ya Ulaya yalicheka: rais anayeogopa watu waliovaa kaptura! Mimi sikuona cha kuchekesha. Rais huyo, Pierre Nkurunziza, alikuwa mwalimu wa michezo kabla ya vita na siasa, na hata ikulu aliendelea kucheza kandanda na timu yake ya Haleluya FC. Mtu huyo alijua kabisa watu mia wanaoimba kwa pumzi moja wana nini mkononi. Aliogopa kwa sababu alikuwa anaelewa.

Na Rebero yenyewe? Hapa inabidi nishushe sauti. Kwenye kilima hiki kuna eneo la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Wamezikwa humo watu zaidi ya 14,000, na pamoja nao wanasiasa waliokataa siasa ya mauaji: Landoald Ndasingwa, Frédéric Nzamurambaho, jaji Joseph Kavaruganda na wenzao. Kila tarehe 13 Aprili wiki ya maombolezo hufungwa hapa kwa kuwakumbuka. Wanamgambo wa Interahamwe, ambao jina lao huelezwa kuwa ni wanaosimama au kushambulia pamoja, hawakuanza na mapanga. Historia yao hufuatiliwa nyuma hadi kwenye vilabu vya kandanda vya vijana wa Kigali mwanzoni mwa miaka ya 1990: mazoezi, jezi, nyimbo, urafiki. Siku zilipowadia, wakuu waliwaambia watu waende "kazini", na maneno ya kufyeka vichaka, maneno ya Jumamosi ya kujitolea, yakageuzwa kuwa amri za kuua majirani.

Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema michezo huwaunganisha watu, kisha akanyamaza kana kwamba amemaliza. Huwaunganisha, ni kweli. Kamba pia huunganisha. Swali ni inafungia nini.

Rwanda ilikuwa na sababu zote za kuliacha neno umuganda lifie kwenye vumbi. Asili yake ni mti wa kujengea nyumba, ile nguzo ambayo jirani huja kukusaidia kuisimamisha kwa sababu huwezi kuishika na kuifukia kwa wakati mmoja. Serikali ya Juvénal Habyarimana iliufanya umuganda kazi ya lazima kuanzia mwaka 1974, kama vile Mobutu ng'ambo ya mpaka alivyowatoa Wazaire kwenye kazi za Salongo, na mwaka 1994 neno likachafuliwa kwa damu. Hata hivyo lilirudishwa mwaka 1998, na sheria ya mwaka 2007 ikalipa mifupa: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 65. Anayekosa bila sababu anaweza kutozwa faini isiyozidi faranga 5,000. Saa hizo maduka hufungwa, barabara hutulia, na kazi ikiisha watu hukaa mkutanoni kuzungumza mambo ya mtaa. Wageni huliona jambo hili wakalisifia mno au wakalishuku mno. Wakazi, nadhani, huliona kama watu wa pwani wanavyoiona mvua ya masika: imo kwenye kalenda, na ukijipanga vizuri ina faida.

Kwa upande wa miguu, jiji lilianza Mei 2016 siku isiyo na magari, mara moja kwa mwezi, na baadaye mara mbili. Asubuhi ya Jumapili barabara kuu hufungwa, na mawaziri, wauza nyanya na watoto wenye baiskeli za kuazima wanapita njia moja. Rais Paul Kagame naye ameonekana humo mara kadhaa akitembea na watu. Pembeni huwekwa meza ambapo mtu hupimwa bure shinikizo la damu na sukari. Meza hizo, kwa maoni yangu, ndizo moyo wa jambo lenyewe. Mtu mzima wa miaka hamsini haendi kwa daktari kuuliza habari za shinikizo lake kama hajaanguka, lakini akiwa ameshatoka na kaptura, jasho likimtiririka, na rafiki yake ameshanyoosha mkono, naye hunyoosha wake.

Basi mji tayari una siku ya jembe na siku ya viatu. Nini kimebaki kwa kikundi kidogo cha Rebero kinachotaka kuchanganya vyote viwili?

Kimebaki kile ambacho kalenda haiwezi kukiona. Umuganda huja na watu mia kuchimba mtaro. Hauji Jumanne jioni kumbadilishia taa bibi mmoja asiyeweza kupanda kiti. London kuna kikundi kiitwacho GoodGym, kilichoanzishwa mwaka 2009 na Ivo Gormley. Yeye alijiuliza swali la kitoto: kwa nini watu walipe fedha wakanyanyue vyuma visivyokwenda popote, wakati mtaa uleule umejaa mizigo ya kweli inayosubiri kunyanyuliwa? Wanachama hukimbia kwa kundi hadi kwenye kazi, huifanya, na hurudi mbio. Ila kilichonivutia ni kitu kidogo zaidi. Mkimbiaji hupangiwa mzee mmoja anayeishi peke yake, naye humkimbilia kila wiki, akakaa naye kidogo, akarudi. Na mzee huyo huitwa kocha. Ndiye anayemtoa mkimbiaji kitandani siku ya baridi. Pasipo yeye mazoezi hayapo. Deni limegeuzwa uso. Anayekwenda kusaidia ndiye mwanafunzi.

Kigali mama mzee huitwa mukecuru, na hakuna haja ya kumpa cheo cha Kiingereza ili aheshimiwe. Lakini hesabu ya kocha inafaa kilimani kuliko London, kwa sababu Rebero umbali haupimwi kwa kilomita. Nyumba iliyo mita 300 tu chini ya barabara, kwa kichochoro chenye ngazi za udongo, iko mbali sana kwa mtu wa miaka themanini mwenye dumu la maji la lita 20. Kwa mkimbiaji ni dakika nne na mapaja yanayowaka, yaani kitu kilekile anachokitafuta.

Nitunge kikundi, kwa ajili ya hesabu tu: watu ishirini, jioni moja kwa wiki. Wakikimbia kilomita 3 kwenda na 3 kurudi, na katikati wakafanya kazi kwa dakika 40, wametoa dakika 800 za kazi. Ni zaidi ya saa 13 za mtu mmoja. Mfereji wa maji ya mvua uliojaa matope na chupa, ambao mwenye nyumba angeung'ang'ania wiki nzima, huwa wazi kabla ya magharibi. Na mfereji si jambo dogo katika nchi ya vilima. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, wengi wakiwa wamelala nyumbani mwao. Mfereji wa Rebero usingewaokoa watu wa Rubavu, huko magharibi, najua. Lakini aliyewahi kuona maji mekundu yakitafuta njia kupitia ukuta wa matofali mabichi haiti kuzibua mfereji kazi ya usafi.

Kazi nyingine hazifai. Kujenga nyumba hakufai. Mikono ishirini isiyojua kazi ndani ya dakika 40 humwachia fundi ukuta wa kubomoa kesho yake. Kupanda miti kunafaa ikiwa kuna mtu atakayeimwagilia kiangazi. Kama hayupo, ni kupanda picha. Kusogeza mawe, mchanga na matofali kutoka barabarani hadi mahali pa ujenzi kunafaa sana, kwani lori haliingii vichochoroni na fundi hulipwa kwa siku, awe anajenga au anabeba. Bustani ya jikoni, ile Wanyarwanda waiitayo akarima k'igikoni, inafaa kuliko zote. Ni tuta la duara lililoinuliwa kwa mawe au miti, udongo na samadi kwa tabaka, mboga juu na pembeni, likinyweshwa hata kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Watu ishirini hulimaliza kwa jioni moja, na mukecuru huchuma mchicha na vitunguu akiwa wima, bila kuinamisha mgongo.

Makoleo hayakimbii na watu. Lazima yawepo kwenye kazi, na mahali rahisi pa kuyaazima ni kwa kiongozi wa umudugudu, ngazi ya chini ya utawala, anayejua nyumba zote kwa majina. Atataka kujua mnakwenda wapi na kwa nini. Wengine huona hilo ni kero. Baada ya Bujumbura mimi naliona kama adabu ya kawaida: kundi la watu ishirini wanaoteremka mbio kichochoroni saa kumi na moja jioni huamsha mbwa, na katika nchi hii linaweza kumwamshia mtu mzima kumbukumbu asizozitaka. Kutanguliza habari ni kubisha hodi.

Nina shuku zangu pia. Kikundi kinachochapisha fulana kabla ya kuazima koleo nakitazama kwa jicho la pembeni. Nakiogopa zaidi kile kinachomwacha mtu wa mwisho mlimani peke yake kwa sababu saa za wenzake wepesi zinahesabu. Wakishindwa kumsubiri mwenzao, watamsubirije mzee? Vilabu vya jogging vya Dar es Salaam vina kasoro zao, spika kubwa alfajiri ikiwa ya kwanza, lakini hili vinalijua. Vingi vina mfuko wa kufa na kuzikana, huzuru wagonjwa, hualikana klabu kwa klabu, na mwenye kitambi huwekwa mbele ili yeye ndiye apange mwendo. Kuna elimu nzima katika uamuzi huo wa nani akae mbele.

Kuna pia kazi isiyotoa jasho. Kwa miaka mingi kaya nyingi za Rwanda zimelipia bima ya afya ya mutuelle faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka. Watu ishirini wakichanga bei ya soda moja kila baada ya mbio, familia kadhaa zina kadi mwaka ukianza. Fedha hizo hazipigi picha nzuri. Labda ndiyo sababu inafaa kuanza nazo.

Siha nayo ina madai yake, na sitaki ionekane nimeisahau. Kuteremka Rebero baada ya kuchimba kunaumiza kuliko kupanda: paja lililochoka hushindwa kuzuia uzito, na goti hulipa. Wenye busara huteremka sehemu kali kwa kutembea, wakanyoosha migongo, kisha wakaachia mbio pale barabara inapolala. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Jioni mbili za namna hii na Jumapili moja isiyo na magari zinazifikisha na kuzizidi, na koleo hufanyisha kazi mabega ambayo mbio haziyagusi.

Inapofika tarehe 7 Aprili michezo na burudani husimama nchini kwa wiki nzima. Rebero hakuna anayekimbia kwa kundi siku hizo. Watu hupanda kilima kwa kutembea, wengi kimya, na tarehe 13 hufika kwenye makaburi. Mwezi unapogeuka mvua huwa bado ipo, mifereji imejaa tena, na kikundi, kama kweli ni kikundi, hurudi kwenye kichochoro kilekile.

Mukecuru anakuwa mlangoni. Anawahesabu wanavyoingia, kama wazee wote wanavyohesabu, bila kusogeza midomo. Anawapa mikono mmoja mmoja, anauliza habari za nyumbani, anatazama nyuma yao kwenye ngazi za udongo. Kisha anauliza yule mnene, ambaye hufika wa mwisho, kwa nini leo hayupo. Wanatazamana. Hakuna aliyekuwa ameliona pengo hilo njia nzima. Mmoja anafuta matope kwenye suruali, anatoa simu, na wote wanasimama pale na makoleo yao wakisikiliza inavyoita.